Wikiendi Muscat kwa gari kutoka Dubai: mkitaka kwenda kwa kundi someni hapa kabla hamjachanga hela

#1 Mbonde wa Deira (mleta uzi)

Wakuu salaam. Kila mara naona mtu anauliza humu jinsi ya kwenda Oman kwa gari akitokea huku Emirates (UAE) na majibu yanakuja vipande vipande, huyu anasema lipia hiki, yule anasema hakuna shida we nenda tu, halafu watu wanafika boda mmoja anarudishwa na wenzake wanabaki wanaangaliana hawajui waendelee au wageuze wote. Sisi tumeenda kwa kundi, Watanzania, Wakenya, Mganda mmoja na ndugu yetu wa Bukavu, gari mbili. Kazi zetu ni za aina zote, kuna nesi, mwalimu, sekyuriti, wa kaunta ya kahawa, na mimi wa stoo. Hilo la kazi nalisema makusudi kwa sababu nyuzi nyingi za safari zimeandikwa na watu wanaojipangia likizo zao, na wengi wetu huku hatuna hiyo nafasi.

Kabla ya hoteli, kabla ya kuchanga, kabla hata ya kutaja tarehe, chagueni mtu mmoja mnayemwamini na kila mtu amtumie yeye tarehe ya kuisha kwa pasipoti na tarehe ya kuisha kwa ukaazi wake. Viza ya Oman kwa mkazi wa nchi za Ghuba inaombwa kwenye tovuti ya polisi wa Oman, ROP, sisi tulilipa rial 5 kila mtu. Pasipoti inatakiwa iwe na miezi 6 mbele na ukaazi wa UAE uwe umebaki angalau miezi 3. Fomu inauliza kazi yako, andika ile ile iliyoko kwenye ukaazi wako, usijipandishe cheo.

Kwetu dada mmoja ukaazi wake ulikuwa umebaki wiki chache na kampuni yake ilikuwa bado haijaanza kumfanyia mpya. Kuna waliosema twende tu atakuja safari nyingine. Tukabishana sana kwenye grupu, mwisho tukakubaliana safari isogezwe mpaka karatasi zake zitoke, na nasema wazi mpaka leo huo ndio uamuzi mzuri kuliko yote tuliyofanya. Ukishaanza kumwacha mtu kwa sababu ya karatasi, hilo si kundi tena, ni gari la watu wenye karatasi nzuri.

Nitaendelea na barabara na boda hapo chini, niko zamu ya usiku.

#2 Kagera Original

Naweka kambi hapa. Mkuu usisahau gharama, na kama kuna mahali pa kula wali.

#3 Nesi wa Ajman

Mimi ndiye huyo dada wa ukaazi. Sikujua kama utaiandika lakini haya. Niongeze kitu kwa manesi na wengine wanaobeba dawa: dawa zenye tramadol au kodeini msizibebe kienyeji. Kwenda unaweza usiulizwe, wakati wa kurudi UAE hizo ni dawa za kudhibitiwa na bila cheti na kibali unajiweka kwenye kesi kubwa sana. Kuna watu wanatumia tramadol kwa maumivu ya mgongo kama panado, huku si mchezo.

#4 Mbonde wa Deira

Nimerudi. Barabara sasa.

Boda za barabarani ziko kadhaa. Ukitokea Dubai au Sharjah kwenda Muscat kuna Hatta, upande wa Oman inaitwa Al Wajajah, na kuna Khatmat Malaha ya kule Kalba. Ukitokea Al Ain kuna Khatm Al Shiklah na Mezyad. Sisi tulipita Hatta. Muhimu: barabara ya zamani ya kwenda Hatta inayopita Al Madam inakatiza kipande cha ardhi ya Oman katikati, na sisi wageni tusio raia wa Ghuba haturuhusiwi kukatiza pale kwa njia ya mkato, utageuzwa. Ramani ya simu inaweza kukupeleka huko kwa sababu inaona ni karibu. Zungukeni kwa barabara ya Sharjah kwenda Kalba kupitia Maleiha halafu mnashuka Hatta.

Mpaka Muscat ni kama kilomita 450, hesabu masaa 5 bila boda. Boda yenyewe inategemea siku. Ijumaa jioni na mkesha wa sikukuu jiandaeni kisaikolojia, foleni ya gari inaenda taratibu.

Upande wa UAE mnalipa ada ya kutoka, dirham 35 na chenji kidogo kwa kichwa. Mnasogea kilomita chache, upande wa Oman mnashuka, mnaingia ndani na viza mlizoprinti, wanapiga muhuri, mnatoka kwenda forodha, wanafungua buti, wanaangalia bima. Hapo kwenye bima ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo nitaieleza taratibu.

Bima ya UAE haikufikishi Oman mpaka iongezwe Oman ndani yake, na ushahidi wake ni ile kadi ya rangi ya chungwa (orange card). Piga simu kampuni yako ya bima wiki moja kabla, wengine wameshaiweka ndani ya bima kubwa, wengine wanakuuzia. Pale boda nayo inauzwa lakini ukiuziwa usiku umechoka na watoto wanalia utalipa tu chochote. Kama gari ni la kukodi unahitaji barua ya mwenye gari kukuruhusu kuvuka nalo, na majina ya madereva wote waliokubaliwa. Kampuni ya kwanza tuliyoenda kukodi iligoma kabisa gari lao kuvuka, ya pili ikakubali kwa kuongeza hela. Kama gari ni la rafiki yako, barua ya rafiki yako nayo muhimu, hata kama yuko ndani ya gari lingine nyuma yenu.

Pombe msivuke nayo kwenye boda ya barabara, Oman hawaruhusu, na forodha wanafungua mpaka boksi la barafu.

#5 Mtafutaji wa Karama

Mkuu asante kwa uzi, mimi niko kwa viza ya matembezi bado natafuta kazi, naweza kuungana na kundi kama hilo nikarudi nao Jumapili?

#6 Nesi wa Ajman

Kaka kama viza yako ni ya kuingia mara moja, ukigongewa muhuri wa kutoka pale Hatta imeisha hiyo, huna cha kurudia. Unabaki Oman unatafuta viza mpya ya UAE, unalipia hoteli kila siku, na wengine wameganda hivyo wiki nzima. Wale wanaoenda Oman kubadilisha viza wanakuwa wameshajipanga na ajenti kabla. Tafadhali usiingie kwenye gari kwa sababu tu kuna siti.

#7 Mtafutaji wa Karama

Nimekuelewa dada, hata sikuwaza hilo. Nitangoja nikipata ukaazi.

#8 Kibokoni Original

Mimi ni wa gari la pili, Mombasa damu. Wacha niongeze upande wangu maana Mbonde hapendi kueleza mambo ya kuona, yeye ni karatasi tu.

Jumamosi asubuhi tulianza na msikiti mkuu wa Sultan Qaboos. Wasio Waislamu wanaingia saa mbili mpaka saa tano asubuhi, Jumamosi mpaka Alhamisi, Ijumaa hapana. Wanawake wajifunike nywele na mikono mpaka viganjani na miguu, wanaume suruali ndefu. Ulifunguliwa 2001. Zulia la ukumbi mkubwa ni kipande kimoja mita 70 kwa 60, tani 21, lilifumwa na wanawake 600 kwa miaka minne. Nilisimama pale ukingoni nikatafuta liishie wapi, sikuona.

Sasa kitu kilichonishika mimi ni Muscat ya zamani. Mbele ya kasri la Al Alam kuna ngome mbili zimekaa juu ya mawe, Jalali huku na Mirani kule, Mreno alizijenga miaka ya 1580 kulinda bandari. Fort Jesus yetu akaanza kuijenga 1593. Ukisimama pale unaona mkono ni ule ule, bahari chini, mizinga juu, mji mgongoni. Na waliomtoa ni wale wale pia. Maimamu wa Yaaruba, watawala wa Oman wakati ule, walimfukuza Mreno Muscat 1650, halafu 1698 wakaichukua Fort Jesus baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Mimi nimekua nikicheza mpira chini ya ukuta wa Fort Jesus, na shuleni nilisoma hiyo tarehe nikaiandika kwa mtihani nikaenda zangu. Kusimama upande walikotoka wale watu kulinifanya nielewe kwamba historia ya Mombasa nusu yake iko Muscat, na watoto wetu wanafaa waione kwa macho yao.

#9 Mjukuu wa Bagamoyo

Sawa lakini tusiishie kwa ngome na mazulia. Hao hao walikuwa na biashara ya watumwa na bibi zetu walipita Bagamoyo wakiwa wamefungwa. Soko la Unguja limefungwa 1873. Mkienda huko mnalisema hilo au mnapiga picha tu?

#10 Kibokoni Original

Unauliza haki kabisa ndugu. Tulilisema, tena ndani ya gari usiku ule tulilisema mpaka saa nane. Kuna mwenzetu babu yake mzaa babu alitokea Nyasa akauzwa pwani, na yeye ndiye aliyetaka sana kwenda Muscat, alisema anataka kuona ile njia inaishia wapi. Mitaani Muscat unaona sura za Kiafrika ambazo ni Waomani kwa vizazi vingi, kuna waliotoka Zanzibar juzi juzi na kuna ambao mababu zao walifikishwa kwa nguvu. Oman yenyewe utumwa umekomeshwa kisheria 1970. Hatukunyamaza.

#11 Mjukuu wa Bagamoyo

Nashukuru kwa jibu. Endeleeni.

#12 Bi Mkubwa wa Seeb

Assalaam alaykum wanangu. Mie nipo huku Seeb, mzaliwa wa Unguja, nnasoma nyuzi zenu siku zote sijawahi kuandika. Nimefurahi mmefika. Ila nnataka kusawazisha jambo, maana wengi mnakuja mnadhani kila Muomani anasema Kiswahili, mkikuta hasemi mnahisi kadharau.

Wanaosema ni jamaa za waliorudi. Sayyid Said alipohamishia makao Unguja, watu wa huku walimfuata kwa miaka mingi sana, wakaoa, wakalima karafuu, wengine wakaingia bara mpaka Tabora, Ujiji, Burundi na Kongo. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 walokimbia walitawanyika, wengi Oman haikuwapokea mara moja. Alipokuja Sultan Qaboos 1970 nchi haina wasomi, haina madaktari, akawaita wenye asili ya Oman warudi wajenge. Sie ndio watu hao. Ndio maana utamkuta afisa, daktari, mwalimu, anakujibu Kiswahili cha Ng'ambo ya Unguja safi kabisa. Watu wa Nizwa ndani au Dhofar Kiswahili wakipate wapi. Na wajukuu zetu wanasikia ila wanajibu kwa Kiarabu, hilo linatuuma sie wakubwa.

Chakula mloulizia: jioni jioni nendeni barabarani mtakuta mishkaki inachomwa kwenye mkaa, na jina ni hilo hilo, mishkak. Mandazi pia mtayakuta kwa jina la mandazi. Halua ya huku na ya Unguja ni ndugu, ya huku ina zafarani zaidi.

#13 Kagera Original

Shikamoo Bi Mkubwa. Hii ya mandazi imenimaliza.

#14 Bi Mkubwa wa Seeb

Marahaba mwanangu.

#15 Bukavu Mukubwa

Ni mimi ule Mukongomani banaongelea hapa. Njo kitu nilitaka kusema. Pale Muttrah mu souk, kuko muzee anauzisha ubani na bakhuri, akasikia naongea na bandugu, akaniuliza weye ni wa wapi, nikasema Bukavu. Ule muzee akaniacha musimamo kabisa, akaanza kunitajia Uvira, Buja, Kasongo, banjia zote. Alikomalia Bujumbura mupaka alikuwa kijana. Kiswahili yake ni ya kwetu, haiko ya Zanzibar. Miaka ni mingi niko Dubai, ba Kenya na ba Tanzania banacheka Swahili yangu kila siku, ule siku mutu wa kanzu na kofia ya Oman anaongea sawa baba yangu. Nilinunua ubani hata sina fasi ya kuichoma, kwa chumba tuko bane.

#16 Kibokoni Original

Huyo mzee alitaka kufunga duka aende na Bukavu nyumbani kwake kula, sisi tukaona saa imeenda. Mkienda Muttrah nendeni jioni kuanzia saa kumi na moja, mchana maduka mengi yanafungwa watu wanapumzika.

#17 Mbonde wa Deira

Gharama mlizouliza.

Rial 1 ni kama dirham 9 na nusu. Hii hesabu shikeni kichwani kabla hamjavuka kwa sababu namba ndogo zinadanganya, unaona sahani rial 3 unasema bei ya bure, hiyo ni karibu dirham 29. Chini ya rial kuna baisa, 1000 kwa rial. Mafuta jazeni Oman, serikali iliweka kikomo cha bei tangu mwisho wa 2021, petroli ya M91 tulijaza kwa baisa 229 lita, chini ya bei ya UAE miezi mingi.

Sisi hatukulala hoteli ya ufukweni, tulikodi nyumba ya vyumba vitatu upande wa Al Khuwair na tukapika wenyewe, mchele na samaki tumenunua soko la samaki la Muttrah asubuhi. Kuchanga tulifanya hivi: mafuta, bima na nyumba tuligawa sawa, halafu wale wa mishahara ya chini kabisa tuliwaondolea mchango wa nyumba, walikubali kupika na kuosha bila sisi kuomba. Mtunza hela awe mmoja na aandike kila kitu kwenye grupu siku ile ile, maneno ya hela huanza mtu akingoja mpaka kesho.

Wenye bajeti ndogo au wasio na gari kuna basi la Mwasalat kutoka Sharjah mpaka Muscat, lilianza 2024, linapita Khatmat Malaha, nauli kama dirham 100. Viza unahitaji vile vile.

Mwendo: kikomo cha barabara kuu Oman ni 120 na kamera zipo. Mliozoea Dubai kuachiwa kilomita 20 juu ya kikomo kabla ya kamera kukupiga, mkivuka isahauni.

#18 Mama Tausi

Mlifika Wadi Shab? Nimeona picha zake nyingi mtandaoni.

#19 Nesi wa Ajman

Tulifika Jumapili alfajiri, na hapa nataka kuongea kidogo kwa sababu watu wanapaona kwenye simu tu.

Ni kama saa moja na nusu kutoka Muscat kwa barabara ya Sur, kituo cha Tiwi. Njiani kuna shimo la Bimmah, maji ya kijani chini ya ngazi, hilo kila mtu anaweza. Wadi Shab unavushwa kwa boti rial 1 kwenda na kurudi, kisha unatembea juu ya mawe kama dakika 45, halafu unaanza kuogelea. Kuna sehemu miguu haifiki chini. Watu wanakufa pale, si hadithi. Kwetu nusu ya kundi hawajui kuogelea na tulikubaliana kabla kwamba hao wanaishia kwenye mabwawa ya mwanzo, na mmoja anayejua akae nao. Vaeni viatu vya kushika mawe, fulana na kaptula ndefu, watu wa kijiji wanapita hapo hapo.

Na mvua. Wadi ni njia ya maji, inaweza kunyesha milimani wewe juu yako jua linawaka na maji yakashuka ghafla. Aprili 2024 mafuriko Oman yaliua watu wengi wakiwemo watoto wa shule, ni ile ile mvua ambayo siku mbili baadaye ilifunika Dubai. Ukiona tangazo la hali ya hewa usiende, usiegeshe gari ndani ya wadi, usijaribu kuvuka maji na gari hata kama Land Cruiser ya mbele imevuka.

#20 Kibokoni Original

Kurudi kutoka pale mpaka Dubai ni masaa saba ukiweka boda. Jumatatu kazi. Tuliweka madereva wawili kila gari na wanabadilishana kila masaa mawili, anayelala analala kweli, si anaendelea kuongoza njia.

Mkipata wikiendi ndefu msiishie Wadi Shab, endeleeni mpaka Sur. Kabla ya Sur kuna magofu ya Qalhat, UNESCO iliyaingiza 2018. Ibn Battuta alifika Qalhat na pia alifika Mombasa na Kilwa 1331, kwa hiyo ule mji na yetu ilikuwa njia moja. Sur ndiko majahazi yalikojengwa, wana jahazi la Fatah Al Khair la 1951 limewekwa nchi kavu. Walikuwa wanakuja kwetu na kaskazi, wamebeba tende na chumvi na papa mkavu, wanarudi na kusi wamebeba boriti za mikoko ya Lamu na Rufiji. Oman haina misitu ya miti kama hiyo. Ukiingia nyumba za zamani tazama dari, zile boriti ni zetu.

#21 Bi Mkubwa wa Seeb

Kweli kabisa. Nyumba ya ami yangu Sur dari yote boriti za Rufiji, mpaka leo hazijaliwa na mchwa.

#22 Binti wa Kisumu

Hamjambo nyote. Nimesoma uzi wote leo nikiwa jikoni. Mimi nafanya kazi ya nyumba hapa Muscat, Al Mawaleh. Nimefika nchi hii na nimeona uwanja wa ndege, nyumba ya bosi, na supamaketi. Hiyo Muttrah mnaiandika sijawahi kuiona na si mbali. Pasipoti yangu iko kwa kabati ya madam. Wakinipa ofu ni Ijumaa mchana mpaka saa mbili usiku. Nilikuwa tu nataka kusema mmeandika vizuri, nimejihisi kama nilikuwa nanyi.

#23 Mbonde wa Deira

Dada yangu karibu sana na asante kwa kuandika. Nimesoma mara mbili nikaacha kazi kidogo.

Kwanza pasipoti ni yako, mwajiri Oman haruhusiwi kukukalia nayo bila wewe kuridhia, na huku UAE ni hivyo hivyo, sheria ya wafanyakazi wa nyumbani ya 2022 inasema mfanyakazi anakaa na karatasi zake mwenyewe na ana siku ya kupumzika kila wiki. Sikwambii ukagombane na madam leo, wewe ndiye unajua nyumba hiyo. Lakini kariri namba yako ya pasipoti, piga picha ukurasa ule ukipata nafasi na umtumie mtu wa nyumbani, na ujue ubalozi wa Kenya upo hapo hapo Muscat. Kuzunguka ndani ya Oman huhitaji pasipoti, unahitaji kadi yako ya ukaazi, hiyo iwe mfukoni mwako kila ukitoka.

#24 Nesi wa Ajman

Dada hiyo kadi ya ukaazi unayo wewe au nayo wameichukua?

#25 Binti wa Kisumu

Kadi ninayo mimi. Na simu ninayo. Madam si mbaya, ananilipa kila mwezi. Ni kutoka tu ndio shida, hakuna mtu najua huku wa kutoka naye, na teksi peke yangu naogopa.

#26 Bi Mkubwa wa Seeb

Mwanangu, Al Mawaleh na kwangu ni pua na mdomo. Niandikie kwenye ujumbe wa siri. Ijumaa baada ya sala mtoto wangu wa kike atakupitia, na madam wako akitaka kuongea na mtu mzima kwanza mie nitaongea nae kwa Kiarabu, atajua unakwenda wapi na unarudi saa ngapi. Ijumaa kwangu hakukosi wali wa nazi.

#27 Binti wa Kisumu

Asante sana mama. Nimekuandikia.

#28 Kibokoni Original

Sasa wajameni mnaona tatizo la kalenda. UAE tangu 2022 wikiendi ni Jumamosi na Jumapili, Oman bado Ijumaa na Jumamosi. Sisi tukifika Jumamosi asubuhi ofu ya Binti imeshapita jana yake. Kundi linalofuata litoke Alhamisi usiku. Wa serikali ya Sharjah Ijumaa hawafanyi kazi, wa Dubai wenye nusu siku waombe hiyo nusu, wa zamu wabadilishane mapema.

#29 Kagera Original

Na ule mnada wa mbuzi wa Nizwa, si ni Ijumaa asubuhi? Nilishaanza kuupigia mahesabu.

#30 Mbonde wa Deira

Mnada wa Nizwa unaanza asubuhi na mapema na umekwisha kabla ya mchana, ukitoka Dubai Alhamisi usiku kupitia Mezyad na Ibri unawahi, halafu Nizwa mpaka Muscat ni saa moja na nusu hivi, saa tisa mmeshafika. Inawezekana lakini inataka madereva waliolala mchana wa Alhamisi, kwa hiyo gari moja lipite Nizwa na lingine liende moja kwa moja Muscat, asilazimishwe mtu.

Orodha naanza leo. Anayetaka anitumie kwa siri tarehe za pasipoti na ukaazi kwanza, jina naliweka baada ya kuziona. Siti tisa, mbili nimeshaziacha za watu wasio na mchango wa nyumba, msiniulize ni za nani. Binti wa Kisumu hahitaji siti ya kutoka Dubai, lakini Ijumaa kuanzia saa tisa mpaka saa moja na nusu kuna nafasi yake kwenye gari la pili, na nesi wetu atakaa naye nyuma. Bi Mkubwa tutakupigia tukivuka boda.

#31 Nesi wa Ajman

Mimi tarehe zangu safari hii ni mpaka mwaka kesho kutwa, niandike wa kwanza.